Filta Mfukoni

Shemeji yangu analima mpunga Dakawa, Morogoro, na msimu ukifika huwalimia na wengine kwa malipo. Alipopata fedha za trekta dogo alibaki na mawili ya kuchagua: Massey Ferguson 240 lililotumika, linalovuja oili kwenye ekseli ya nyuma, na jingine jipya la HP 35 lenye jina nisilowahi kulisikia, na mimi ni mtu wa kushinda gereji. Bei zilikaribiana. "Shem, mtu unaachaje kipya?" akaniuliza. Sikumjibu. Nilimwomba muuzaji afungue boneti.

Jina lililobandikwa ubavuni halikuambii nani katengeneza kilichomo ndani. Matrekta madogo ya John Deere, yale ya kijani, mengi yanatembea na injini ya Yanmar. Swaraj ni mali ya Mahindra tangu 2007. Farmtrac, ambalo wakulima wengi wa hapa Tanzania walilijua kupitia SUMA JKT, shirika la jeshi, enzi za kampeni ya Kilimo Kwanza, lilikuwa la kampuni ya Escorts ya India, na mwaka 2022 Kubota ya Japani ikachukua usukani wa kampuni hiyo. Anayesema "mimi Mhindi sitaki, nipe Mjapani" huenda anabishana na rangi.

Tuanze na lile kongwe. Injini ya Massey 240 ni Perkins AD3.152, na tarakimu zenyewe zinajieleza: silinda 3, inchi 152 za ujazo, yaani kama lita 2.5. Ni ukoo uleule wa injini iliyokuwa kwenye Massey 135 tangu 1964. TAFE ya Chennai ilianzishwa 1960 ikatengeneza Massey kwa leseni, na Poland wakanunua leseni ya Massey na Perkins mwaka 1974 kwa ajili ya Ursus. Viwanda vingi, miaka mingi, pistoni ileile: ndiyo maana ringi zake unazikuta hadi kwenye duka linalouza misumari na kamba.

Ila ukongwe peke yake haulimi. Ursus ni jina la tangu 1893 huko kwao; lilipoletwa hapa na kuunganishwa Kibaha, kwa mkulima wetu lilikuwa geni kama jina lolote jipya. Mwaka 2021 kampuni ikafilisika kwao Poland. Wamarekani nao wana kisa chao. Mwaka 1997 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo ilizuia Kubota zilizotumika ambazo zilitengenezwa kwa soko la Japani, na mahakama ya rufaa ikauunga mkono uamuzi huo mwaka 1999. Jina lilikuwa halali kabisa, lakini maandishi ya tahadhari yalikuwa ya Kijapani, na spea na huduma hazikulingana na za matrekta yaliyouzwa Marekani. Anayeagiza trekta dogo la Kijapani kupitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam na afikirie hilo kabla ya kutuma pesa.

Turudi kwenye lile jipya. Nilipima pini za mikono ya chini kwa venia: milimita 22, saizi ya kawaida ya matrekta madogo, maana yake jembe la zamani la shemeji lingeingia bila kuchomelea kitu. Shafti ya nyuma ilikuwa ya meno 6, mizunguko 540 kwa dakika. Safi. Kasoro nilianza kuiona kwenye kibati. Ile HP 35 ilikuwa ya injini. Inayofika kwenye shafti ni pungufu ya hapo, na karatasi ya muuzaji haikuitaja. Uzito nao ulikuwa tani moja na kidogo, wakati Massey lina zaidi ya tani moja na nusu. Kwenye udongo mzito wa majaruba trekta jepesi huzungusha matairi tu, hata injini iwe na nguvu namna gani.

Kisha nikanunua filta yake ya oili, nikaitia mfukoni na kwenda nayo kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam. Sikutaja jina la trekta. Duka la kwanza kijana aliigeuza, akaangalia nyuzi na mpira, akashusha inayofanana nayo rafuni. La pili vilevile. Kwa filta, basi, trekta lile lilikuwa linajulikana kuliko lenyewe lilivyojijua. Klachi ndiyo iliyonikwamisha. Nilirudi kwa muuzaji nikamwomba anioneshe sahani ya klachi ya akiba. Akasema zipo njiani. Nikauliza tangu lini. Akacheka.

Hapo ndipo nilipomfanyia shemeji hesabu mgongoni mwa risiti. Tuseme unalima ekari 5 kwa siku, kila ekari shilingi 60,000. Klachi ikiisha wakati wa mvua ukaisubiri siku 20, umepoteza milioni 6, na mteja uliyemwacha kwenye mataa ameshampata mwingine. Klachi ya Massey ungeifuata kwa basi ukarudi kesho yake. Angekuwa analima bustani ya mboga jirani na duka lenye stoo iliyojaa, ningemwambia achukue jipya bila kusita, waranti na yote.

Alichukua Massey. Oili sili ilipatikana Dumila siku ileile, na fundi akamaliza kabla ya magharibi. Lile jipya alilinunua jirani yake, mashamba manne kutoka kwake. Msimu wa pili huu linadunda, klachi haijaguswa, na shemeji hachoki kunipigia simu kunijulisha.