Tunafunza Al-Inkishafi bila Kiamu wala hati yake

Mwaka jana nilikabidhiwa tasnifu ya uzamili niitahini. Mada yake ilikuwa Al-Inkishafi, na mwandishi wake alikuwa kijana hodari. Nadharia alikuwa amezimudu, Kiswahili chake kimenyooka. Nilipofika pale anapochambua beti za magofu ya Pate, nikakwama. Neno "madaka" alikuwa amelieleza kuwa ni sehemu za paa zilizotengenezwa ili kudakia maji ya mvua. Hakubahatisha ovyo, maskini. Alilitoa kwenye kitenzi "kudaka", kisha akajenga juu yake aya mbili nzima kuhusu ukame kuwa ishara ya moyo uliokauka imani. Aya zenyewe zilipendeza. Ila zilisimama hewani.

Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya Lamu, hata ile moja iliyofanywa makumbusho, ajua daka ni nini. Ni kijishubaka kilichochongwa katika ukuta wa chokaa. Kikiwa kidogo huitwa kidaka, na Waamu wakivitaja vingi husema zidaka. Katika nyumba za wenye nacho zidaka hupangwa safu juu ya safu, ukuta mzima, na ndani yake viliwekwa vyombo vya kauri kutoka China na vitu vingine vya kuonyesha. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anatwambia kwamba pale palipokaa visahani sasa wanalala makinda ya ndege. Hebu itazame picha hiyo. Shimo lililochongwa kwa ajili ya fahari ya tajiri linatosha vizuri kabisa kuwa kiota. Ukuta haujavunjwa. Daka li pale pale, kilichobadilika ni mkaaji. Pigo la ubeti liko hapo, na kijana wetu alilipita akienda kutafuta mvua.

Lawama si yake. Ni yetu sisi tuliomfunza.

Huko Ulaya na Marekani kuna somo la maandishi ya kale ya Kigiriki na Kilatini. Kwa muda mrefu mwanafunzi aliyetaka kumsoma Homer au Virgil alitumia miaka yake ya kwanza akimeza minyambuliko ya vitenzi vya lugha hizo, maana huwezi kuandika tasnifu juu ya Virgil ukitegemea tafsiri. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Princeton kiliondoa sharti la kujua Kigiriki au Kilatini kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaobobea katika somo hilo. Maprofesa wakarushiana maneno magazetini: wengine wakasema mlango umefunguliwa kwa wasiosoma shule za kitajiri, wengine wakasema nyumba imebomolewa. Mimi niliyafuatilia majibizano hayo kwa wivu kidogo. Wenzetu walikuwa na sharti la kuondoa.

Sisi je? Mwanafunzi wa Kiswahili hupewa Al-Inkishafi wiki mbili, Utendi wa Mwana Kupona wiki moja, vyote kwa hati ya Kirumi na maelezo ya msamiati pembeni. Somo la Kiamu hana. Somo la kusoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu hana. Mwishoni twamwita mtaalamu wa ushairi wa kale. Nasema hivi kwa kuwa nami nimefunza hivyo hivyo, miaka mingi, na sikuona haya.

Mtanijibu: Profesa, Kiamu ni Kiswahili, si Kilatini. Naam, na mtego uko papo hapo. Kilatini hukutisha, ukakimbilia kamusi. Kiamu hukuchekea kama mtu mnayejuana. Msomaji wa bara akiona "kuteka" atafikiria maji ya kisima au mateka wa vita, kumbe Mwamu anacheka. Akiona "ndoo" ataona chombo cha maji, kumbe mtu anaitwa aje. Akiona "ina" atadhani kitu fulani kina kitu fulani, kumbe ni jina. Makosa ya namna hii hayajitangazi. Sentensi inasomeka, maana inapatikana, ila si maana ya mshairi.

Halafu kuna hati. Katika uandishi wa zamani herufi moja ya "ba" ilibeba sauti za b, p na mb. I na e zilitumia alama moja, na u na o vilevile. Kwa uandishi huo "pipa" na "Pemba" huweza kuandikwa sawasawa, na msomaji ndiye achague kwa kutazama muktadha. Basi kila toleo la Kirumi tulilo nalo ni uamuzi wa mtu fulani. Al-Inkishafi ilitoka mwaka 1915 katika kitabu cha Stigand kwa kazi ya W. E. Taylor, ikatoka tena kwa mkono wa William Hichens mwaka 1939, kisha kwa James de Vere Allen mwaka 1977. Matoleo haya hayalingani. Nimetahini tasnifu ngapi zilizouliza kwa nini? Katika marejeleo huwekwa toleo moja, lile lililopatikana maktabani, na mjadala ukaishia hapo.

Tukiuliza kwa nini, twafika kwa watu kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Nakala nyingi za tungo za kale zilizowafikia Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann zilitoka mkononi mwake, na leo nyingi ziko London na Ujerumani. Kijuma hakuwa tarishi tu. Alikuwa mshairi, mchonga nakshi na mwanamuziki. Mshairi anaponakili utungo wa mwenziwe ni haki kuuliza ni wapi anakili na ni wapi atunga. Wasomi wa Kigiriki huuliza swali hilo kila siku kuhusu wanakili wao.

Hata majina tumeyapokea bila kuyakagua. Al-Inkishafi wengi huiita utenzi. Hesabu mizani: kila mstari una kumi, si nane, mistari mitatu ya kwanza ya ubeti ina vina vyake na wa nne una kina cha shairi zima. Huo ni ukawafi. Na Mwana Kupona ndiye aliyeonewa zaidi. Mwaka 1934 Werner na Hichens walimchapisha kwa anwani ya Kiingereza inayosema kuwa hizi ni nasaha juu ya wajibu wa mke. Anwani hiyo si yake. Alitunga mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, akiwa mgonjwa na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, na anaanza kwa kumtaka bintiye alete wino na karatasi. Baada ya mawaidha ya ndoa, utendi unageuka kuwa dua ndefu. Lakini wanafunzi wetu, mwaka baada ya mwaka, huandika juu ya "utiifu wa mke" peke yake, wengine wakimtetea, wengine wakimshambulia, na wote wanabishana na anwani ya Hichens.

Na kwa wanaodhani Kigiriki hakituhusu kabisa: mwaka 1728 huko Pate Bwana Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herakali. Herakali huyo ni Heraclius, kaisari wa Konstantinopoli aliyetawala kuanzia 610 hadi 641, na watu wa dola yake walisema Kigiriki. Msafara wa Tabuk wa mwaka 630 uliisha bila mapigano; Bwana Mwengo akaufanya vita vikubwa. Kulinganisha alichopewa na historia na alichokitengeneza mwenyewe ni kazi ya tasnifu nzima, nayo yataka Kiarabu, Kigiriki na lahaja ya Pate. Nani ataisimamia? Mimi siwezi. Kiarabu changu ni cha madrasa, na Kigiriki sina hata herufi.

Kisingizio cha umbali hakipo tena. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza na zinasomeka kwenye intaneti. Walimu nao wapo. Ustadh Mahmoud Mau anatunga kwa Kiamu pale Lamu, na mwaka 2023 mashairi yake yalichapishwa Leiden yakiwa na tafsiri. Naona ajabu kwamba mwanafunzi wa Bayreuth au Naples hupanda ndege kwenda kuketi na masheikh wa Lamu, na wetu wa Nairobi hajavuka kwa mashua kutoka Mokowe. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, alituacha mwaka 2017. Wangapi kati yetu tulimleta darasani akafunza muhula mzima? Tulimwalika makongamanoni, akasoma shairi, tukampigia makofi, tukala chakula cha mchana. Kanuni zetu zataka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na masheikh hawana. Basi tunaozo shahada twawafunza vijana kudakia mvua.

Ninachotaka si kikubwa: mwaka mmoja wa Kiamu na hati kwa kila anayeandika tasnifu juu ya utungo uliotungwa kabla ya 1900, na mwalimu awe mtu anayejua, mwenye cheti au asiye nacho.

Marekebisho ya yule kijana yalinirudia juzi. Aya mbili za maji ya mvua zimeondoka, na mahali pake pana ukurasa mmoja juu ya nyumba ya Lamu pamoja na picha aliyoipiga kwa simu ndani ya gofu huko Pate. Ameniuliza kama namjua mtu wa kumfunza kusoma hati. Nimempa nambari ya mzee mmoja wa Langoni.