Mpango wa Memphis: Polisi Mbele ya Mtu Aliyezidiwa na Ugonjwa wa Akili

Katika miji mingi ya Marekani, mtu anapozidiwa na ugonjwa wa akili, yaani anapofikia hali ambayo yeye mwenyewe na walio karibu naye hawawezi tena kuidhibiti, wa kwanza kufika huwa ni askari polisi na si daktari. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo zilikuwa na wagonjwa wapatao 558,000. Katika miongo iliyofuata, kutokana na ujio wa dawa mpya, uzito wa gharama na malalamiko ya haki kuhusu namna wagonjwa walivyofungiwa, wengi wao waliruhusiwa kurudi makwao, ilhali vituo vya tiba katika jamii vilivyoahidiwa na sheria aliyoitia saini Rais John F. Kennedy mwaka 1963 vingi havikujengwa. Familia iliyoelemewa ikabaki na namba ya dharura, 911, na aliyeitikia wito alikuja na bastola kiunoni. Mpango ulioanzishwa mjini Memphis, Tennessee, mwaka 1988 ndio ulioigwa zaidi katika jitihada za kurekebisha hali hiyo, na kila anayeuchambua kwa makini hukuta kwamba nguvu yake haikuwa darasani peke yake, bali katika mfumo mzima uliomzunguka askari, hasa hospitali iliyokubali kumpokea mgonjwa bila kumkataa.

Ugumu wa kwanza ulitokana na mafunzo ya kawaida ya kazi. Askari hufundishwa kulidhibiti tukio haraka: husogea karibu, hutoa amri kwa sauti kubwa na hutazamia kutiiwa papo hapo. Mbinu hiyo huweza kumfaa mhalifu anayepima faida na hasara, lakini mtu aliye katika saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuona visivyokuwapo na kushindwa kuvitenga na mambo halisi, huenda asiielewe amri hiyo, au akaisikia kama sauti moja zaidi miongoni mwa nyingi zinazomtisha, na kutotii kwake kukahesabiwa kuwa ukaidi. Hatari huzidi anapokuwa na kisu. Mwaka 1983 Dennis Tueller, mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, alieleza kwamba mtu mwenye kisu aliye umbali wa futi 21, ambazo ni kama mita 6.4, anaweza kumfikia askari kwa takriban sekunde moja na nusu, muda uleule ambao askari huuhitaji ili achomoe bastola na kufyatua. Maelezo hayo, ambayo yalipaswa kumfundisha askari kukaa mbali na kutafuta kinga, yalikuja kuchukuliwa na wengi kama kipimo cha kuhalalisha risasi.

Septemba 1987 polisi wa Memphis waliitwa na familia ya kijana mweusi wa miaka 27, mwenye historia ya ugonjwa wa akili, aliyekuwa akijikata kwa kisu na kutishia kujiua. Hakukitupa kisu alipoamriwa, akapigwa risasi nyingi na askari weupe, akafa. Hasira ya wananchi ilimlazimu meya kuunda jopo lililowakutanisha polisi, vyuo vikuu na chama cha familia za wagonjwa wa akili. Miongoni mwa walioujenga mpango uliozaliwa na jopo hilo ni afisa wa polisi Sam Cochran na mwanasaikolojia Randolph Dupont, na jina la mpango huo kwa Kiswahili laweza kuwa Kikosi cha Kushughulikia Hali za Dharura.

Mpango huo ulikuwa na sehemu nne zilizotegemeana. Ya kwanza ilihusu uteuzi: askari doria walijitolea wenyewe kisha wakachujwa, kwa hoja kwamba uvumilivu na uwezo wa kusikiliza haviwezi kuamriwa kwa waraka wa ofisini. Ya pili ilihusu wapokeaji wa simu za dharura, waliofundishwa kuuliza maswali yanayotambulisha ugonjwa, ili askari wa kikosi ndiye atumwe tangu mwanzo. Ya tatu ilikuwa mafunzo ya saa 40 kwa muda wa wiki moja, ambamo askari walifundishwa dalili za magonjwa, dawa na sheria, wakaketi na wagonjwa na ndugu zao kusikiliza maisha yao, kisha wakafanya maigizo ya matukio mbele ya wakufunzi.

Katika maigizo hayo ndipo mabadiliko ya kazi huonekana kwa karibu. Anayezungumza huwa ni askari mmoja tu, wengine wakinyamaza. Hujitambulisha kwa jina, humuuliza mgonjwa jina lake na kulitumia. Mikono yake huonekana, sauti yake huwa ya chini, na sentensi zake huwa fupi, kila moja ikibeba jambo moja. Mgonjwa akisema kwamba anasikia sauti, askari habishani naye wala hajifanyi kuzisikia, bali hukiri kwamba jambo hilo linatisha na kuuliza sauti hizo zinasema nini, kwa kuwa jibu laweza kufichua kama zinamwamuru ajidhuru. Kisu kikiwapo, askari hurudi nyuma na kuweka gari au meza katikati, kwa maana umbali na kinga humpa muda, na muda ndio humwezesha kuzungumza.

Sehemu ya nne, ambayo ndiyo ya msingi, ilikuwa hospitali. Awali askari aliyempeleka mgonjwa katika idara ya dharura aliweza kusubiri saa nyingi, au mgonjwa akakataliwa, ilhali kumwandikisha mahabusu kulichukua muda mfupi zaidi. Tayari mwaka 1984 Linda Teplin, kutokana na utafiti wa kuwafuatilia polisi wa Chicago kazini, alikuwa ameonyesha kwamba wenye dalili za ugonjwa wa akili walikamatwa zaidi kuliko wengine waliokutana na polisi katika hali zinazofanana. Memphis iligeuza hesabu hiyo: hospitali ya umma ya mji ilikubali kumpokea kila aliyeletwa na kikosi, na lengo likawa askari arejee doria baada ya dakika 15 hadi 30. Tangu hapo njia ya tiba ikawa ndiyo nyepesi kwa askari mwenyewe.

Ushahidi unaunga mkono maelezo hayo. Utafiti wa Henry Steadman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, ulilinganisha miji mitatu iliyotumia mipango tofauti na kukuta kwamba matukio ya aina hii yaliishia katika ukamataji kwa asilimia 2 tu mjini Memphis, dhidi ya asilimia 5 Knoxville na 13 Birmingham, na watafiti hao walisisitiza umuhimu wa kituo kisichokataa mgonjwa. Tathmini za baadaye, zilizokusanya tafiti za miji mingi, zimeona kwamba mafunzo huongeza ujuzi wa askari na kupunguza unyanyapaa wao, lakini hazikupata uthibitisho thabiti kwamba hupunguza matumizi ya nguvu. Matokeo hayo hayapingani. Miji mingi ilinunua saa 40 za darasa na kuacha hospitali. Askari wake akarudi barabarani akiwa na maneno mapya, lakini bila mahali pa kumpeleka mgonjwa.

Memphis yenyewe haikuepuka kudhoofika. Desemba 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema kwamba mji huo na polisi wake waliwabagua wenye matatizo ya afya ya akili katika huduma za dharura. Ripoti hiyo ilifutwa Mei 2025 chini ya serikali mpya, lakini kufutwa huko hakuondoi wajibu wa kuuliza kama mpango uliobaki na jina lake umebaki pia na nguvu zake.

Lipo pia swali kama polisi wanapaswa kutumwa kila mara. Eugene, Oregon, tangu mwaka 1989 ilituma watu wawili wasio na silaha, mmoja wa tiba na mwingine wa ushauri, kupitia zahanati ya White Bird, hadi huduma hiyo ilipokoma mjini humo mwaka 2025 kwa uhaba wa fedha. Na tangu Julai 2022 namba 988 huwaunganisha Wamarekani na washauri moja kwa moja. Njia hizo ni za lazima kwa simu zisizo na silaha wala vurugu, lakini kila moja hukwama palepale Memphis ilipotatua tatizo lake: kama hakuna kitanda cha kumpokea mgonjwa usiku huohuo, anayefika kwa wema atarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mji unaotaka kuokoa maisha uanze kwa kupima dakika ambazo mgonjwa husubiri kwenye idara ya dharura, kisha ndipo uhesabu vyeti vya askari wake.