Waraka kwa Filemoni: Nani Anadaiwa?

Wahakiki wetu wa fasihi wamezoea kuwaachia wahubiri Waraka wa Paulo kwa Filemoni. Hasara ni yetu. Waraka huu wa aya 25, ulioandikwa kifungoni katika karne ya kwanza, waonyesha waziwazi jinsi fani inavyobeba itikadi.

Ufafanuzi uliozoeleka, ambao Yohane Krisostomo aliufuata tangu karne ya 4, ni kwamba Onesimo alimtoroka bwana wake. Lakini matini haina neno hata moja lenye maana ya kutoroka. Na kuhusu hasara, aya ya 18 inatoa sharti tu, wala haishtaki. Peter Lampe alionyesha mwaka 1985 kwamba kwa sheria ya Kirumi mtumwa aliyemwendea rafiki wa bwana wake ili aombewe hakuhesabiwa kuwa mtoro. Hoja hiyo haithibitishi kisa cha Onesimo, bali yatosha kutuonya kwamba 'mtoro' huenda ameumbwa na wasomaji.

Na mtoro huyo ametumiwa. Katika miaka ya 1830, mhubiri Charles Colcock Jones wa Georgia, Marekani, aliutumia waraka huu kuwakanya watumwa wasitoroke; yeye mwenyewe aliandika kwamba nusu ya hadhira iliinuka ikaondoka. Kwa maoni yangu, walioondoka walikuwa wahakiki bora kuliko yeye.

Sasa tuitazame hadhira ya Paulo. Filemoni haandikiwi peke yake. Wametajwa pia Afia, Arkipo na kanisa likutanalo nyumbani mwake. Mbele ya mashahidi hao Paulo anakataa kuamuru, anaahidi kwa mkono wake kulipa, kisha anamkumbusha Filemoni, kana kwamba hataki kulisema, kuwa anadaiwa hata nafsi yake. Mwenye mali amegeuka mdaiwa. Isitoshe, Paulo aagiza atayarishiwe mahali pa kulala, yaani atakuja kujionea! Theolojia ya aya ya 16 yasimama juu ya mpango huo wa lugha: undugu autakao si wa ibada tu, bali ni wa kimwili pia. Hata hivyo, hatamki kwamba Onesimo aachwe huru, na ukimya huo ndio uliompa Jones nafasi.

Lipo pia suala la tafsiri. Katika Kiyunani, maneno ya 'mtumwa' na 'mtume' hayana shina moja. Katika Kiswahili yote mawili yatokana na 'tuma'. Katika Waraka kwa Warumi Paulo ajiita yote mawili, lakini katika salamu kwa Filemoni ajiita mfungwa tu. Mfasiri atakayeandika 'mtumishi' katika aya ya 16 ataondoa uchungu ambao hoja yote yautegemea. Kwa wakazi wa Freretown, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, neno 'mtumwa' halikuwa istiari.