Printa Iliyobaki Ndani ya Ripoti

Ripoti ya hifadhidata ya zamani hukumbuka printa. Siku ilipochorwa mara ya kwanza, kompyuta iliandika ndani yake, bila kumuuliza mtu, jina la printa iliyokuwa mezani, draiva yake, ukubwa wa karatasi na hata trei ya kuchukulia karatasi. Printa ile huenda ilishauzwa kwa bei ya chuma chakavu, lakini ripoti bado inaitafuta. Kuiondoa kumbukumbu hiyo kwa mistari michache ya msimbo, bila kugusa hesabu zilizomo, ni ufundi usiosifiwa sana, kwa kuwa ukifanyika vizuri hakuna anayeuona.

Mji wa mpakani huishi kwa karatasi. Sirari iko wilayani Tarime, inapakana na Isebania ya Kenya, na barabara inayoingilia hapo huteremka hadi Musoma na Mwanza. Shughuli za forodha zimehamia mtandaoni, lakini ofisi ya wakala wa mizigo bado ina ankara zake, orodha za mizigo na risiti za madereva. Kama programu inayozitoa iliandikwa kwa FoxPro au Access, zana za hifadhidata za Microsoft, miaka 20 iliyopita, hakuna mwenye haraka ya kuibadilisha: wateja wote wamo humo, na madeni yao pia. Microsoft ilitoa Visual FoxPro 9, toleo la mwisho, mwaka 2004, ikaacha kuihudumia mwaka 2015. Programu zenyewe hazikupata habari hiyo, zinaendelea kuchapa.

Ripoti inapogoma kuchapwa, jambo la kwanza halihitaji msimbo wowote. Fundi huchapa barua ya kawaida kutoka kwenye kompyuta ileile. Ikitoka sawasawa, printa haina kosa, na kesi inahamia kwenye ripoti.

Kwenye FoxPro, faili la ripoti lenye herufi FRX mwishoni ni jedwali kama majedwali mengine, na maandishi yake marefu hukaa kwenye faili pacha la FRT. Fundi hulifungua kwa amri ileile ya USE inayofungua orodha ya wateja, akaandika BROWSE, na ripoti nzima ikajianika mbele yake: kila neno, kila kisanduku na kila mstari uliochorwa ni rekodi. Rekodi ya kwanza ni ya ripoti yenyewe. Katika uga wake wa Expr husomeka waziwazi DRIVER=winspool, kisha DEVICE= na jina la printa iliyokufa, kisha PAPERSIZE=1. Uga wa Tag na wa Tag2 umebeba habari za printa hiyohiyo kwa alama zisizosomeka.

Hiyo 1 ndiyo yenye kesi. Kwa Windows, 1 ni Letter, karatasi ya Marekani yenye milimita 216 kwa 279. A4, yenye 210 kwa 297, ni 9. Rimu ya dukani huku kwetu ni A4. Printa ya leza ikiagizwa Letter ikakuta A4 kwenye trei, husimama na kuwasha taa. Baadhi ya printa za HP ziliandika PC LOAD LETTER, ujumbe uliowachanganya hata Wamarekani wenye karatasi hiyo, maana PC hapo ni kaseti ya karatasi, si kompyuta. Karani hubonyeza kitufe, ukurasa ukatoka. Ukurasa wa pili, anabonyeza tena. Baada ya mwezi kubonyeza kumekuwa sehemu ya kazi, na mgeni akiuliza huambiwa kwamba printa hii ndivyo ilivyo.

Fundi mwenye papara hufuta nyuga zote tatu na kuaga. Kesho yake orodha ya mizigo iliyochapwa kwa karatasi ya kulala inatoka imesimama, safu za kulia zimekatwa, kwa sababu mkao wa karatasi nao ulikuwa ndani ya Expr. Fundi makini hunakili kwanza FRX na FRT zote mbili, akafuta Tag na Tag2 pamoja na mistari ya DRIVER na DEVICE, akaacha mstari wa ORIENTATION ulivyo, akageuza PAPERSIZE kuwa 9. Ripoti zikiwa 40, kitanzi cha mistari kumi hivi huzipitia zote.

Access ilificha kumbukumbu yake zaidi. Matoleo ya awali yaliifunga kwenye sifa iitwayo PrtDevMode, ambayo ilibidi ipasuliwe baiti kwa baiti; tangu Access 2002 kuna kitu kiitwacho Printer, na mstari mmoja wa PaperSize unatosha. Ila huko kuna mtego mwingine: kila ukurasa hufuatwa na karatasi tupu. Ripoti iliyochorwa kuujaza upana wa Letter huizidi A4 kwa milimita 6, na hizo 6 zikadai ukurasa wao. Hapo dawa ni kupunguza upana wa ripoti au pambizo, printa haihusiki.

Printa ya sindano, ile ya kelele na karatasi za kukunjana, ina hesabu zake. Kwa kawaida huchapa mistari 6 kwa inchi, hivyo karatasi ya inchi 11 ni mistari 66 na ya inchi 12 ni 72. Programu inayohesabu 66 ikilishwa karatasi ya 72, kichwa cha kila ankara hupanda mistari 6, na ankara ya kumi na tatu ndiyo hurudi juu ya karatasi mahali pake. Anayeliona hilo huenda moja kwa moja kwenye 66 iliyoandikwa ndani ya msimbo, akaweka 72, akaiambia printa pia kwa herufi za ESC C.

Liko jambo moja ambalo mipangilio haiwezi kulitatua. Sindano hugonga, kwa hiyo hupenya kaboni, leza haigongi. Ofisi iliyozoea nakala tatu kwa mpigo mmoja ikinunua leza, fundi huandika kitanzi kinachochapa ripoti mara tatu, na kila mara kinabadilisha neno la pembeni: ya dereva, ya mteja, ya ofisi.