Bajia za Malindi

Msomaji, ukifika Malindi, pita madukani, uingie mkahawa wa Kihindi. Usiupime kwa meza zake, maana ni mbao tupu. Upime kwa bajia. Nilizokula zilikuwa kavu nje, laini ndani, na ukwaju wake umekolea. Chai ndiyo iliyoharibika: sukari iliifunika iliki. Nilipoitia kasoro, mwenzangu alinicheka: “Chakula cha wageni hicho!” Wageni gani? Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498, alikuta merikebu za Wahindi. Majina bajia, chapati na achari yalitoka kwao, nayo leo ni Kiswahili. Basi tupimapo chakula hiki, tukipime kama chetu: tusikisifu kwa kuona haya, wala tusikidharau kwa ugeni.