Kutenga si Kutoa

Juzi mpwa wangu kanitumia klipu ya bungeni, na bila shaka na wewe umekwisha kutumiwa na watu watatu. Mheshimiwa kasimama, tai imekwenda upande, sauti imepanda. Anasema akina mama jimboni kwake wanajifungulia njiani, anasema wananchi wamechoka, anapiga meza, kisha anamgeukia Waziri: Serikali ina mpango gani? Ukumbi mzima unagonga meza. Juu ya video mtu kaandika kwa herufi kubwa: AMKALIA KOONI WAZIRI. Mpwa naye kaongeza la kwake: "Mjomba, huyu ndiye mbunge."

Klipu haina jibu. Aliyeikata kaikata pale makofi yalipoishia. Nikaenda kulitafuta jibu lenyewe. Waziri alisimama, akampongeza Mheshimiwa kwa namna anavyowapigania wananchi wake, akasema Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri ya upatikanaji, akaketi. Nusu dakika haikutimia. Koo lake salama salimini, na alipokaa alijimiminia maji.

Nimekaa jukwaa la waandishi Dodoma miaka ya kutosha, siku hizi nakaa nyumbani, na jambo linalonikera si kwamba maswali mabaya yanaulizwa. Yaliulizwa zamani pia. Linalonikera ni watu wazima, wenye akili zao, kulishika swali bovu na kulisifia. Basi nitasema namna ya kulipima swali, na atakayeudhika aniudhikie.

Kwanza, liache swali la msingi lipite. Usilisifu wala usililaumu. Liliandikwa zamani, likapelekwa Ofisi ya Bunge, likaenda wizarani, wataalamu wakakaa nalo, na Naibu Waziri anasoma karatasi ambayo pengine kaiona asubuhi ile ile wakati wa chai. Kumsifu mbunge kwa swali la msingi ni sawa na kumsifu bibi harusi kwa kadi ya mwaliko. Kazi inaanza kwenye maswali ya nyongeza. Pale hakuna karatasi. Mbunge kasikia jibu sasa hivi na anazo nafasi mbili tu, na Waziri hajui litakalotoka. Anayesema "nina maswali mawili madogo ya nyongeza" kisha akahutubia dakika mbili, mfute papo hapo. Neno "madogo" lina maana yake.

Na kabla hajafika kwenye nyongeza, hesabu shukrani. Amemshukuru Mwenyezi Mungu, Mheshimiwa Rais, Waziri, Naibu wake, Katibu Mkuu na wapiga kura? Hapo hakuna swali linalokuja. Mwenye swali huwa na haraka nalo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mtazamaji wa kawaida hupitwa nalo, na hupitwa kila mara, kwa sababu masikio yake yamekimbilia tarakimu. Naibu Waziri akisema shilingi milioni mia tano, yeye anasikia milioni mia tano. Mjuzi anasikiliza kitenzi.

Fedha ya umma ina safari. Inaombwa. Inatengwa, maana yake imeandikwa kwenye kitabu cha bajeti. Inaidhinishwa Bunge likishapitisha. Hazina wakiwa nayo, inatolewa. Halmashauri inaipokea. Mwisho inatumika, na hata hapo Mkaguzi Mkuu, CAG, atakuja kuuliza imetumika kwa lipi. Ni vitenzi sita, na kutoka kimoja hadi kinachofuata fedha inaweza kulala njiani mpaka mwaka wa fedha ukafungwa. Boma la zahanati ambalo wanakijiji wamelinyanyua kwa nguvu zao hadi kwenye lenta haliezekwi kwa fedha iliyotengwa. Linaezekwa kwa fedha iliyopokelewa. Tofauti hiyo haina makelele, haipigiwi meza, na ndani yake kuna nusu ya matatizo ya huduma katika nchi hii.

Itazame ile sentensi maarufu tena, taratibu: "Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri ya upatikanaji." Itaendelea, kana kwamba ilikwisha kuanza, na hakuna aliyethibitisha kuwa ilianza. Kutenga, kitenzi kisichotoa hata senti moja Hazina. Na kadiri ya upatikanaji inarudisha kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Sentensi hiyo nimeisikia kwenye maji, barabara, dawa, madawati na gari la wagonjwa, na kila mara kuna mbunge aliyeinamisha kichwa kuashiria ameridhika. Ni kazi ya ufundi mkubwa, nakiri. Aliyeitunga wizarani alistahili kupandishwa cheo.

Kuna na dada zake. "Tumeanza taratibu" maana yake hakuna kilichoanza. "Upembuzi yakinifu unaendelea" unaweza kuendelea toka mtoto anaandikishwa darasa la kwanza hadi anaoa. "Katika mwaka huu wa fedha" ukiisikia mwezi Mei, chukua kalenda: umebaki mwezi mmoja na siku kidogo, maana tarehe 30 Juni kitabu kinafungwa. Na ujihadhari sana na jibu la jumla. Umeuliza zahanati moja ya kata moja, unajibiwa mabilioni ya nchi nzima kwa miaka mitano. Tarakimu imekua, zahanati imepotea.

Nyongeza bora basi ni fupi na inashika kitenzi: kati ya fedha alizozitaja Naibu Waziri, kiasi gani kimepokelewa kwenye akaunti ya Halmashauri, na tarehe gani? Sekunde kumi, wala haihitaji sauti kubwa. Ikiulizwa, usimtazame Waziri, kwa maana Waziri ni mtu mzima na uso wake umezoea. Watazame wataalamu wake. Ukiona vichwa vimeinama, mmoja anapekua makabrasha, mwingine kashika simu, kisha kimemo kinaanza safari, hapo koo limekaliwa.

Nilimfahamu mzee mmoja wa kiti cha nyuma, wa chama tawala, jimbo la vumbi na mikorosho, ambaye hakupata kutolewa ukurasa wa mbele hata siku moja. Jioni ya kuamkia swali lake alikuwa anampigia simu Mweka Hazina wa Halmashauri. "Mmepokea ngapi?" Akiambiwa, anaandika nyuma ya bahasha. Kesho yake anasimama akiwa na bahasha tu. Aliniambia swali zuri ni lile ambalo jibu lake unalo mfukoni, unataka tu kuona kama mwenzio naye analo. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza na sitaki ubishi: asiyejua jibu asiulize hadharani, akaulize ofisini.

Wakubwa wa kazi hii wote walishika karatasi kabla ya kushika kipaza sauti. Julai 2011, bajeti ya Nishati na Madini ikiwa mezani, marehemu Beatrice Shellukindo wa Kilindi alisimama na barua. Barua ya Katibu Mkuu wa wizara hiyo, ikizitaka taasisi zilizo chini yake zichange shilingi milioni 50 kila moja kufanikisha uwasilishaji wa bajeti. Barua ilikuwa na kitenzi chake tayari, haikuhitaji kupambwa. Waziri Mkuu Pinda ikambidi aombe bajeti ile iahirishwe ikatengenezwe upya. Na kumbuka, mama huyu alikuwa CCM, kwa hiyo wanaoniambia kwamba kuuliza ni kazi ya upinzani peke yake wanatafuta mahali pa kupumzikia.

Au sakata la akaunti ya Escrow. Watu wanakumbuka kelele za Novemba 2014 na waliong'oka baadaye: Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu Desemba, Waziri Tibaijuka akaondolewa, Waziri Muhongo akafuatia Januari. Lakini turudi kwenye msumari wenyewe. Mbunge David Kafulila aliling'ang'ania jambo hilo wengine wakiwa wanamcheka, na lilipofika Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) ya Zitto Kabwe na Deo Filikunjombe, zaidi ya shilingi bilioni 300 za akaunti hiyo ziligeuka kuwa swali la maneno machache: fedha hizi ni za nani? Za umma au si za umma? Serikali ilijibu kwa kurasa na kurasa, na kila ukurasa ulizidi kuonyesha ufupi wa swali.

Sasa matapeli. Wa kwanza ni mshika shilingi. Kamati ya Matumizi imekaa, wamefika Kifungu 1001, mshahara wa Waziri, Mheshimiwa anatangaza kwamba asipopata maelezo ya kuridhisha ataondoka na shilingi ya mshahara huo. Ni silaha ya heshima, pengine ndiyo nzuri kuliko zote tulizorithi, kwa sababu inalazimisha hoja ijadiliwe. Tapeli huishika jioni, kamera zikiwa zimemwelekea, na huirudisha dakika nne baadaye kwa "tutalifanyia kazi". Niliwahi kuanzisha daftari la shilingi zilizoshikwa na kurudishwa katika kikao kimoja cha bajeti. Nililiacha wiki ya pili, niliona ninajidhalilisha. Mjuzi akishika shilingi hataki maelezo, anataka kiasi na tarehe, na akipewa anakaa kimya. Wala haitangazi mapema kwa wapiga kura wake.

Wa pili ni swali la kupandikizwa. Hili utalijua kwa ulaini. Muulizaji anamwomba Waziri awaeleze wananchi mafanikio, na Waziri, kwa bahati iliyoje, ana kurasa tatu za mafanikio hayo mkononi. Siku ya Alhamisi, maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, utayaona zaidi, japokuwa utaratibu ule ulipoingia enzi za Spika Sitta ulikusudiwa kinyume kabisa.

Wa tatu sijui kama nimwite tapeli au mvivu: mtu wa maazimio. Afya akiuliza, Azimio la Abuja la 2001, asilimia 15 ya bajeti. Kilimo akiuliza, Azimio la Maputo la 2003, asilimia 10. Waziri anayapenda sana maazimio, kwani hujibiwa kwa neno "tunaelekea huko". Mwambie huyo mheshimiwa afungue Kitabu cha Nne, atafute kasma ya mradi wake, asome mstari mmoja tu. Ataona aibu, au ataona swali.

Alama nyingine nitazitaja bila kuzitetea. "Lini" ni bora kuliko "mpango gani". Swali lenye "je" mbili limekufa. Mbunge akijibiwa "baada ya kikao hiki nitakutana naye" na akashukuru, ameshindwa. Akiahidiwa Waziri kuongozana naye jimboni, ameshindwa kwa gharama ya mafuta ya gari. Waziri akimpongeza muulizaji, swali lilikuwa dhaifu, na sijaona tofauti. Wawakilishi wa Zanzibar pale Chukwani huuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko sisi wa bara, na Kiswahili kikinyooka jibu hukosa pa kujificha. Majirani zetu wa Kenya waliwatoa mawaziri bungeni kwa Katiba ya 2010, wakakaa miaka bila kuwaona wakihojiwa ukumbini, kisha wakabadili kanuni ili warudi wajibu. Kuna vitu thamani yake huonekana vikishatoka chumbani.

Nitaambiwa ninalia zama zangu. Ndiyo, kidogo. Enzi za Spika Msekwa wengi tulilisikiliza Bunge kwenye redio, na redio haina tai wala mikono. Kinachobaki ni maneno. Fundi cherehani wa mtaani kwetu, hakumaliza shule, alikuwa anasimamisha mashine Naibu Waziri akijibu, kisha anasema "huyu kakwepa" na kuendelea kukanyaga. Ikaja televisheni, nikaipenda. Januari 2016 televisheni ya taifa, TBC, ilipoacha kurusha Bunge moja kwa moja kwa hoja ya gharama, nililalamika pamoja na wenzangu, na bado nasema tulikuwa na haki. Lakini sasa matangazo yamerudi kwenye simu, vipande vipande, na mheshimiwa akisimama anajua kipande chake kitaishia wapi. Anauliza hadi pale mkasi unapokatia.

Yule mzee wa bahasha nilimwona mara ya mwisho kwenye nyongeza ya maji. Naibu Waziri alikuwa amesoma kwamba Serikali imetoa fedha za mradi wa visima. Imetoa, si imetenga. Kitenzi kikubwa, nikajua safari hii mzee hana la kusema. Akasimama, akatazama bahasha, akauliza kama fedha hizo zilitolewa kwenda akaunti ipi, maana ya Halmashauri haijazipata. Akakaa. Hakuna aliyegonga meza. Kimemo kilikuja, kikarudi, kikaja kingine. Naibu Waziri akasema anaomba muda wa kufuatilia suala hilo, na kwa sauti yake tu ulijua hakuwa amelijua.

Wiki chache baadaye mzee alinionyesha ujumbe wa Mweka Hazina kwenye simu yake: zimeingia. Mimi nilikuwepo ukumbini siku ile ya swali, kalamu mkononi, na gazeti langu asubuhi yake lilitoka na picha kubwa ya mbunge mwingine, aliyepiga meza hadi kikombe kikaanguka. Habari ile niliiandika mimi.