Saa ya Vyuma Viwili

Mtu wa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, akifungua mlango wa saa ya kale ya Kimarekani, ile ndefu kiasi cha kioo cha ukutani, hakutani na madini mageni. Magurudumu ni shaba iliyochanganywa na zinki, na uso wenye namba mara nyingi ni bati la zinki lililopakwa rangi. Shaba yenyewe si yetu: saa hizi zilikuwa zikitengenezwa Connecticut miaka sabini hivi kabla tanuri la shaba la Lubumbashi halijawaka mwaka 1911.

Kabla ya saa hizi za shaba, magurudumu ya saa za bei nafuu yalichongwa kwa mbao, na mbao huvimba kwa unyevu wa bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1830 mtengenezaji wa saa Chauncey Jerome akaanza kuyakata kwenye bamba jembamba la shaba. Mwaka 1842 alipopeleka shehena Uingereza, forodha iliona bei aliyotaja ni ndogo mno, ikadhani anakwepa ushuru, ikainunua yote kwa bei hiyo na nyongeza kidogo. Jerome hakulalamika, alituma nyingine.

Ndani yananing'inia mapande mawili ya chuma cha kusubu. Moja huendesha mishale, jingine hugonga. Springi ya saa nyingine hulegea kadiri inavyofunguka, lakini chuma kinachoshuka huvuta kwa nguvu ileile hadi chini.

Ninachokipenda zaidi ni gurudumu la kuhesabia mapigo. Ukingoni lina mapengo, na nafasi kati yake hupanuka kutoka pigo moja hadi kumi na mawili: mapigo 78 kwa mzunguko. Halijui mishale iko wapi. Linajua tu zamu inayofuata. Nyanyua waya wake mara sita, na mshale mfupi ukiwa kwenye saba saa itagonga pigo moja. Saa moja asubuhi, Kiswahili safi!

Anayenunua asikimbilie mng'ao. Atazame kwanza karatasi ya mtengenezaji iliyobandikwa ndani, kisha ubao wa nyuma: matundu ya skrubu yasiyo na kazi mara nyingi humaanisha mtambo umetoka saa nyingine. Matundu ya ekseli yaliyopanuka kama yai ni uchakavu wa kawaida, na fundi huyatengeneza. Kioo cha chini cha mlango kilichopakwa picha mpya hakirudi kuwa cha zamani. Mimi ningechukua chenye rangi iliyobanduka.